Mkuku Upande wa Kibla

Pale Mkunya mtu akifa, watu hawaulizi nani atachimba kaburi. Huuliza Shamte yuko wapi. Kama yuko karakana anachomelea geti la mtu, geti litangoja. Kama yuko shambani anapulizia mikorosho salfa, pampu itawekwa chini. Hakuna aliyemwajiri kwa kazi hiyo wala anayemlipa, ila ana jicho. Kaburi alilolisimamia Shamte lina kona nne za kweli, na kuta zake hazina tumbo wala kibyongo. Waislamu anawachimbia, Wakristo anawachimbia, na mahitaji yao anayajua. Hawa wanataka mwanandani, yaani lile pango linalochimbwa ubavuni mwa kaburi, upande wa kibla, maiti alazwe humo na kuzibiwa kwa mbao. Wale wanataka shimo lililonyooka la kushushia sanduku, basi.

Mwenyewe ni Myao wa Chiungutwa, mfupi wa kimo, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Kazi ya kuchomelea vyuma aliipatia Masasi mjini, kwenye karakana ya mjomba wake, kisha akapanda huku Newala kwa sababu ya Pili, maana kwetu sisi mwanamume ndiye anayefuata mke. Wamezaa, wameozesha, na mtoto wao wa kwanza, Faidha, ana watoto wake. Kwa jumla ni mtu ambaye usingemwandikia habari kama si mambo ya ile mashua.

Mashua yenyewe ilikuwa ya Mzee Erasto, katekista mstaafu wa Kianglikana, Mmakua wa Lupaso, mtu mrefu kiasi kwamba nyumbani kwake huingia kwa kuinama na kitandani hulala mshazari. Wayao na Wamakua ni watani tangu enzi za mababu, na hawa wawili walikuwa wameufanya utani kuwa kazi ya kudumu. Erasto alikuwa akisema Shamte akifa hawatahangaika na jembe, kijiko cha chai kitatosha. Shamte alikuwa akimjibu kwamba yeye watamkunja kama mkeka, kwa kuwa hakuna kijana atakayekubali kuchimba urefu ule bure. Watoto wakisikia walicheka, wageni wakisikia walishtuka, na hivyo ndivyo utani unavyotakiwa uwe.

Ndiyo, nimesema mashua, juu ya uwanda huu wa Wamakonde, mahali ambapo hata maji ya kunywa watu waliyatafuta kwa miguu miaka na miaka. Enzi za utumishi wake Erasto alipangiwa Mikindani, akaionja bahari, na mwonja asali haonji mara moja. Mzungu mmoja mzee aliyekuwa akirudi kwao alimwachia mashua yake ndogo ya tanga, iliyokwisha kutumika sana. Mwili wake ni wa faiba nyeupe, na chini una mkuku wa chuma, lile bapa zito linaloning'inia tumboni mwa chombo kukizuia kisipinduke. Kuiacha ufukweni ingekuwa kuwaandalia wezi karamu. Erasto akaipakia kwenye lori lenye winchi, akaja nayo hadi nyuma ya nyumba yake, akisema ataishusha tena baharini siku atakapopumzika. Mkewe Bibiana, ambaye wengi humwita Mama Chrispin, hakubishana naye. Alianika makopa ya muhogo juu ya sitaha, na kuku wake wakapata mahali pa kutagia.

Lakini chombo chenye mkuku hakikai juu ya ardhi, kinaanguka ubavu. Ndipo Erasto alipoomba achimbiwe shimo la kuuzamishia mkuku, ili tumbo la mashua likalie matairi chakavu pembeni. Alimwomba nani? Shamte na vijana wake. Shamte aliuliza shimo liwe na urefu gani, Erasto akajibu kwa haraka kwamba liwe la urefu wa mtu, kisha akaenda kumpokea dereva wa lori.

Hapo likafanyika kosa ambalo nadhani lisingefanyika mahali pengine. Kaburi kwetu hupimwa kwa mwanzi. Mwanzi hukatwa kwa urefu wa maiti, nao ndio unaowaongoza wachimbaji. Siku hiyo maiti hakuwapo wa kupimwa. Shamte akafanya lililokuwa jepesi: akajilaza chali juu ya mchanga mwekundu, kijana mmoja akachora mstari utosini kwake na mwingine visiginoni, wakacheka, wakachimba. Shimo lilitoka zuri sana. Mashua ikashushwa, mkuku ukazama, na kwa miaka kadhaa hakuna jicho lililoingia tena mle ndani.

Mwaka huu, korosho zilipokwisha kuuzwa, Erasto akatangaza kwamba wakati umefika. Yeye na Bibiana watahamia Mikindani, wakae karibu na maji siku zao zilizobaki. Mwenye lori alikuja kutazama mzigo. Aliingiza mkono chini ya mashua, akautoa ukiwa umejaa magamba ya kutu, akasema hainyanyui hiyo mpaka mkuku utengenezwe, maana ukikatika hewani utaondoka na mguu wa mtu. Akaahidi kurudi baada ya kazi kufanyika. Erasto akamwita mtani wake, na Shamte akampa neno lake kwamba mashua itaondoka ikiwa nzima.

Walisimamisha miti mitatu mirefu iliyofungwa vichwa, wakaning'iniza winchi ya cheni, wakaivuta mashua juu taratibu. Haikwenda mbali. Miti ilianza kulia, na mikanda ikawa inabonyea kwenye faiba iliyozeeka. Kuilaza ubavu kulishindikana vilevile, kwani walipoijaribu kidogo tu ilitoa mlio wa kupasuka uliomfanya Bibiana ashike kichwa. Wakakubaliana ibaki pale pale, tumbo likiwa usawa wa goti, mkuku ukiwa bado umening'inia ndani ya shimo lake. Shamte atashuka humo afanye kazi.

Alishuka upande wa kusini kwanza. Alipogonga kwa nyundo, chuma kiliitika vizuri, kutu ikiwa ya juu juu tu, ya kuondoa kwa brashi ya waya. Akapenya chini ya mkuku kwenda upande wa kaskazini. Kule aliona jambo lililomfanya asahau nyundo mkononi. Chuma kilikuwa kimelika kama muhogo ulioingiwa na panya. Kidole chake kilipita, kisha ngumi. Bapa lile lile moja, upande mmoja uzima na upande mmoja uozo, na uozo wote ukiwa upande wa kibla.

Aligeuka atazame kinachouletea mkuku unyevu upande huo, akamulika kwa simu. Ukutani mwa shimo palikuwa na mwanandani. Ulikuwa umechimbwa kwa ufundi, sakafu imesawazishwa, dari yake ya mchanga haijamomonyoka hata punje. Ndani mlikuwa na ubaridi wenye majimaji, na kiangazi kilikuwa kimekaza kiasi kwamba mbuzi walikuwa wakilamba ndoo tupu. Alinusa kutu, na kutu inapokuwa mbichi hunuka kama damu.

Aliwaita vijana waliochimba naye. Yunusi aliapa kwamba siku ile aliondoka wa kwanza kwenda kuswali. Reginald alisema yeye ni Mkristo, na huo mwanandani hata angeamriwa asingejua uanzie wapi. Kila mmoja alimtazama mwenzake, kisha wote wawili wakamtazama Shamte kwa adabu. Kweli ni yeye aliyekuwa wa mwisho kutoka shimoni, hilo alilikumbuka. Alikumbuka pia kupewa mkono na kuvutwa juu, na Bibiana kumletea maji ya kunawa. Kuchimba pango la ubavuni hakukumbuka kabisa. Alijisemea kwamba huenda mikono ilifanya kwa mazoea, kama mtu anavyofunga mlango na baadaye asijue kama ameufunga. Maneno hayo yalimtuliza kidogo tu.

Akaanza kazi. Alikata kutu yote kwa grenda, akapima bamba la chuma alilolileta kutoka Masasi, akalikata na kulikunja lilingane na mkuku. Kazi ya mkono wake, safi. Tatizo likawa namna ya kulichomelea. Kati ya mkuku na ukuta wa shimo hapakuwa na nafasi ya mtu kusimama wala kuchuchumaa na mashine. Fundi alibakiwa na mahali pamoja tu pa kukaa, napo ni ndani ya mwanandani, akiwa amelala ubavu.

Shamte ni mtu wa kazi, akalala. Alivaa miwani yake ya giza, akajisukuma ndani kwa viwiko, akanyoosha miguu, na visigino vikagusa ukuta. Akasogea juu kidogo, utosi ukagusa ukuta. Kipimo kilikuwa kamili, bila unyoya wa ziada, kwa kuwa kilikuwa kipimo chake. Maiti hulazwa humo akielekea kibla, lakini kazi ilikuwa upande wa pili, kwa hiyo yeye alilala akiipa kibla mgongo, uso ukiwa kwa mkuku. Alijiona kama maiti aliyegeuka kutazama nani anamfukia. Wazo hilo halikumchekesha. Alichomelea mishono michache akiwa anasoma kila aya aliyoijua, na cheche zilipozimika alitoka haraka kuliko alivyoingia.

Juu kulikuwa na mambo mengine. Nyuma ya nyumba ya Erasto inapita njia ya kwenda mashambani, na wapita njia waliliona shimo kwa mara ya kwanza, kwa maana zamani lilifunikwa na mashua. Hakuna aliyesema neno baya. Wanaume walivua kofia. Wanawake waliteremsha sauti, wakashusha ndoo vichwani. Mzee mmoja, Mahmudu, aliyekuwa akirudi na kuni, alisimama, akamwamkia Bibiana, akasema, "Poleni na msiba."

Bibiana alimwambia hakuna msiba, ni mashua inatengenezwa. Mzee alitikisa kichwa kwa upole, kama unavyomkubalia mtu aliyechanganyikiwa kwa huzuni, akatoa heshima zake kwa shimo na kwenda zake. Jioni hiyo jirani alituma bakuli la unga, kama tufanyavyo kwa wafiwa. Bibiana, mwanamke mwenye moyo mwepesi, alicheka mpaka machozi, akaupika.

Asubuhi iliyofuata ukungu wa bonde la Ruvuma ulikuwa umepanda uwandani, ule unaokufanya usione hata mkono wako mwenyewe. Shamte alifika mapema, akaikuta mashua ikielea ndani ya weupe, minyororo haionekani, kama vile imerudi baharini yenyewe. Alishuka shimoni kwa kupapasa. Kuta zilikuwa na alama za sururu, mbichi, mchanga bado unateleza kutoka kwenye michoro yake. Pembeni juu hapakuwa na udongo uliotolewa. Alijiambia ni macho na ukungu. Akamulika bamba lake jipya.

Alikuwa amelisugua likang'aa kabla ya kuondoka, na lilikuwa safi lote ila mahali pamoja. Usawa wa mdomo wa mtu aliyelala mwanandani kulikuwa na duara dogo la kutu, jekundu, limelowa, kubwa kama kisosi. Chuma hufanya hivyo ukikipulizia pumzi ya joto kwa muda mrefu. Shamte aliondoka hapo jana wakati jua lingali juu. Aliweka kiganja kwenye sakafu ya mwanandani, pale mgongo wake ulipokuwa umelala, akakuta joto, lile joto unalolikuta kitandani mwenzako akiwa ametoka kuamka.

Alilifuta duara kwa brashi, akachomelea kwa siku nzima bila kula. Kesho yake duara lilikuwa limerudi. Alilifuta tena, na safari hii alijaribu kubana pumzi alipokuwa akifanya kazi, akiacha kinywa wazi pale tu aliposhindwa. Likarudi, na lilikuwa kubwa zaidi. Kitu kilichokuwa kikilala mle baada yake kilikuwa kinapumua vizuri kumzidi.

Hapo Shamte aliogopa. Simsemi kwa ubaya, nami ningeogopa. Mtu aliyezika nusu ya kijiji hashangazwi na kifo, ila alikuwa amekizoea kama jambo la watu wengine analowasaidia. Sasa shimo lilikuwa la kipimo chake na limechimbwa kwa dini yake, katika ua wa Mkristo ambamo hapakuwa na Mwislamu mwingine wa kimo chake wa kulilala. Hesabu ilikuwa fupi. Alipunguza kula. Alianza kutembea akitazama visigino vyake.

Mkewe alimbana mchana mmoja, alipokataa ugali wa muhogo na kisamvu, chakula ambacho hajawahi kukikataa tangu waoane. Akamweleza yote, kuanzia kujilaza mchangani mpaka lile duara. Pili alisikiliza akiwa ameshika mwiko. Hakulia wala hakumwambia anaota. Alisema dawa ya kaburi lililochimbwa bila maiti kila mtu anaijua, ni kukata mgomba ukazikwa humo badala ya mtu, shimo likafukiwa. Shamte akamkumbusha kwamba mkuku bado uko ndani, na hautatoka mpaka lori lije, na lori halitanyanyua mpaka mshono wa mwisho uchomelewe, na mshono huo hauchomeleki ila kwa kulala mle.

"Mwambie umeshindwa," alisema Pili.

"Nimempa neno langu, Mama Faidha. Na yule mzee hana mwaka mwingine wa kungoja."

"Na wewe unao?"

Shamte alimweleza jambo ambalo hakuwa amelisema, kwamba mara ya mwisho alipolala mle hakutaka kutoka. Palikuwa na utulivu mzuri. Mashine ilikuwa imezimika na yeye aliendelea kulala, na kama Reginald asingemwita kuuliza habari za cheni, hajui angetoka lini. Alijua kwa hakika kabisa kwamba akiingia tena kumalizia mshono, atabaki humo.

Pili aliweka mwiko chini. Akasema kama mgomba hauwezekani, yupo mtani. Na hapo inabidi nieleze kwa asiyejua. Kwetu, katika mazishi, mtani ana haki ambayo hata mtoto wa marehemu hana. Wenzake wakiwa katika kilio yeye anaweza kuruka ndani ya kaburi, akajilaza, akasema limeshakuwa lake na hatoki mpaka alipwe. Wafiwa wanamlipa kuku, au kitu chochote cha kwao, kisha anatoka na mazishi yanaendelea. Wageni huona ni mzaha wa watu wasio na haya. Wenyewe tunajua kwamba mtani huondoka na kisirani cha msiba, akakitupa huko anakojua. Kwa mwingine kisirani hicho kingenata, kwa mtani hakinati. Ndivyo tulivyoambiwa.

Walikwenda pamoja asubuhi, jua likiwa kali na ukungu umekwisha, Shamte akiwa na jogoo kwapani kwa ajili ya malipo. Pili ndiye aliyesema, kwa kuwa mumewe aliona haya. Erasto alimsikiliza bila kucheka, jambo la nadra, kisha uso wake wote ukafunguka. Alisema amengoja maisha yake yote kumfanyia Myao huyu matanga, na Mungu ni mwema, amempa nafasi ya kuyafanya marehemu akiwa anasikia. Bibiana alitoka jikoni na unga viganjani aone vituko vya mume wake. Alisimama ng'ambo ya shimo, kuelekeana na Pili.

Erasto alianza palepale. Alipaka majivu usoni, akajifunga kilemba kwa gunia, akaanza kulia kwa sauti ya mjane, akilitaja deni la ufupi ambalo Shamte anakwenda nalo kwa Mola. Yunusi na Reginald walikuwa hoi kwa kicheko. Shamte mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu duara lile, alicheka mpaka akaona kifua kinafunguka. Erasto akateremka shimoni kwa mashaka, magoti ya uzee yakilia, akapenya chini ya mkuku, akajisukuma ndani ya mwanandani. Sauti yake ikatoka chini ikiwa imezibwazibwa.

"Kaburi hili limeshakuwa langu. Anayenitaka nitoke, alipe!"

Shamte alisogea ukingoni kumtupia jogoo. Akainama achungulie pembeni mwa mkuku, na mkono wenye jogoo ukabaki hewani.

Erasto alikuwa amelala amenyooka, mikono kifuani, kwa starehe zake. Yule mtu ambaye kitandani kwake hulala mshazari. Kichwa chake hakikugusa ukuta wa huku. Miguu yake mirefu ilikuwa imenyooshwa yote, haikukunjwa hata kidogo, na mbele ya nyayo zake palikuwa pamebaki nafasi ya shubiri nzima. Ukuta wa mwisho ulikuwa na alama mbichi za sururu, na mchanga ulikuwa ukichururika polepole kutoka humo.

Shamte alijua alichokiona. Alijua pia sheria ya mtani, kwamba kinachomaliza jambo ni malipo. Asipolipa, Erasto atatoka bure, utani utakuwa mzaha mtupu, na kaburi litabaki la aliyepimwa. Akilipa, limenunuliwa, nalo ni la Erasto. Jogoo alipiga mabawa. Shamte alifungua mkono, lakini si kwa kumtupa shimoni. Jogoo alianguka pembeni, akakimbilia uvunguni mwa mashua, na vijana wakamfukuza huku wakipiga mbinja.

"Toka, mtani," alisema Shamte. "Yatosha. Toka tu."

"Sijalipwa, bwana. Myao bahili hata akifa!"

Bibiana alicheka upande wa pili, akajifuta macho kwa mgongo wa mkono wenye unga. Shamte alinyanyua uso kumtafuta mkewe. Pili alikuwa amesimama karibu naye kuliko alivyodhani, ameinama kama yeye, naye alikuwa anatazama zile nyayo na ile nafasi iliyobaki mbele yake. Alizitazama kwa muda wa kutosha. Kisha alivua kanga ya juu mabegani, akaikunja mara moja kwa utaratibu, akaitupa shimoni. Ilimwangukia Erasto kifuani.

"Umelipwa," alisema Pili.

Vijana walishangilia. Erasto alitoka akiwa mwekundu wa mchanga, kanga shingoni, akivutwa mkono na Reginald, akisema huko chini kuna baridi nzuri na nafasi tele, asiyelala humo hajui raha. Kila mtu alicheka isipokuwa wawili. Shamte alisimama pale, na furaha ya kuwa hai ilimpanda kutoka miguuni mpaka kooni, tamu, bila kumwomba ruhusa, na nyuma yake aibu, na hakuweza kumtazama Bibiana usoni. Pili naye hakumtazama mtu. Alikuwa akifunga vizuri kanga yake ya chini iliyobaki.

Bibiana alimfuata na ile kanga mkononi, ameshaikung'uta mchanga, akamwambia aichukue, utani umekwisha, kanga nzuri kama hii haipotezwi kwa upuuzi wa wazee. Pili alirudi hatua nyuma.

"Kaa nayo, Mama Chrispin," alisema. "Malipo ya mtani hayarudi nyumbani."

Bibiana alishukuru kwa moyo wake wote. Mumewe alikuwa amekaa juu ya tairi, anatetemeka kidogo chini ya jua lile kali, akitania kwamba baridi ya kaburi la Myao ni ya bei rahisi ila inakaa. Akamfunika mabega kwa kanga ya Pili, akaingiza ncha zake kifuani, akaanza kumsugua mikono apate joto.

Shamte aliokota miwani yake na kushuka shimoni kumalizia mshono. Bamba lilikuwa kavu, halina duara. Aliingia mwanandani akalala ubavu, akanyoosha miguu, na visigino vyake havikufika popote.